Pole uliyompa jirani, nafsi yako umeipa?

Maswali ya wasomaji

Barua za mwezi huu zimetoka Lamu, Mambrui na Malindi, na karibu zote zauliza jambo moja kwa sura mbalimbali: mtu ataishije na huruma bila ya kuwa mlegevu, bila ya kukauka kwa uchovu, na bila ya kuisahau nafsi yake? Tumechagua saba. Ya mama wa Langoni tumeitanguliza kwa sababu jibu lake ndilo linaloyabeba mengine.

*Nauza mahamri na mbaazi asubuhi. Juzi hamira iliniharibikia, unga ukagoma kuumuka, nikamfokea binti yangu wa miaka saba mbele ya wateja. Tangu siku ile nafsi yanisuta usiku kucha: mjinga wee, mama gani wewe. Ajabu ni kuwa majirani wakipatwa na shida huja kwangu, na maneno ya kuwaliwaza siyakosi. Mbona yangu mwenyewe siyapati?*
Mama wa watoto watatu, Langoni, Lamu

Dada yetu, maneno unayo tayari. Kilichobaki ni kuyageuzia njia. Sikiliza unavyolitumia neno pole. Mtu akijikwaa kichochoroni, si wewe uliyemsukuma, wala hungoji kujua kama alikuwa akitazama simu. Unasema "pole" na mkono umekwisha kuunyoosha. Neno lile halimtii mtu hatiani wala halimtoi. Linasema tu kwamba nimeona, na najua imekuuma. Kesi, kama ipo, itasikilizwa baadaye. Lakini ukijikwaa wewe mwenyewe, pole unairuka, unakwenda moja kwa moja kwenye kesi, na hakimu, mshitaki na askari wote ni wewe.

Kristin Neff, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, alichapisha mwaka 2003 kipimo cha kujihurumia ambacho watafiti wanakitumia hadi leo. Aliligawa jambo hili mafungu matatu: kuyaona maumivu kama yalivyo bila kuyakuza wala kuyafunika, kukumbuka kwamba kukosea ni sehemu ya kila mwanadamu, na kujisemesha kwa upole. Ukitazama vizuri, yote matatu yamo ndani ya pole moja iliyotoka moyoni.

Fanya hivi. Kaa kitako, nyayo zote mbili ziguse sakafu. Weka kiganja kifuani. Ikiwa kifua kinakutia unyonge, kiweke tumboni au shika mkono mmoja kwa mwingine. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu 4, itoe taratibu ukihesabu 6. Kila pumzi ihesabu kwa pingili ya kidole, kama mtu anavyohesabu dhikri: vidole vinne vina pingili 12, na pumzi 12 za namna hii ni dakika mbili. Urefu wa pumzi itokayo ndio wenye kazi. Inapotoka polepole, mapigo ya moyo hupungua, kwa sababu kuna neva inayoshuka kutoka kwenye ubongo, ikapita shingoni hadi moyoni na tumboni, na hiyo ndiyo inayoutuliza mwili. Anayejisuta huuweka mwili wake katika hali ya mtu anayetishwa: taya zimekaza, mabega yamepanda, usingizi umeruka. Mwili ulio hivyo hausikii nasaha hata iwe nzuri namna gani. Ndiyo maana pumzi hutangulia maneno.

Kisha nong'ona mambo matatu kwa mpango. La kwanza, litaje lililouma kwa jina lake: "Nimeona haya mbele ya watu, na nimemtisha mwanangu." Usiseme "mimi ni mama mbaya", hiyo ni hukumu, si maumivu. La pili: "Asubuhi hii hii kuna mama mwingine aliyeharibikiwa jikoni akamwangushia mtoto hasira." La tatu: "Pole, Fulani. Sasa wahitaji nini?" Hapo pa Fulani taja jina lako mwenyewe, lile unaloitwa nyumbani. Ethan Kross wa Chuo Kikuu cha Michigan na wenzake walionyesha mwaka 2014 kwamba watu waliojisemesha kwa majina yao kabla ya jambo la kutia hofu walitulia zaidi kuliko waliosema "mimi". Jina humweka mtu hatua moja pembeni ya nafsi yake, mahali pale pale anaposimama akimsikiliza jirani.

Swali la mwisho, "wahitaji nini", ndilo wengi wanalolisahau, nalo linataka jibu la mikono. Pengine wahitaji kulala saa moja mchana. Pengine wahitaji kuijaribu hamira kabla ya kuukanda unga: kijiko kimoja cha chai ndani ya nusu kikombe cha maji ya vuguvugu na sukari kidogo, dakika 10 zikipita bila povu, imekufa, imwage na unga wako umepona. Kujifanyia hivyo usiku ili asubuhi usipate mshtuko ni huruma kamili, wala haihitaji maneno.

Yapo yanayoharibika njiani. Wa kwanza kujikwaa ni yule anayeanza na jeraha kubwa. Anza na kikombe kilichovunjika au chumvi iliyozidi, wiki nzima, mpaka ulimi uzoee. Wa pili ni yule anayesema maneno mazuri kwa sauti ya kugombeza. Nafsi husikia sauti kabla ya maneno. Wa tatu hujisifu badala ya kujipa pole: "mimi ni mama bora kabisa". Nafsi yako haikuamini, na wewe wajua. Sema la kweli tu.

Lipo na moja linalowatisha watu, nalo si baya. Baadhi ya wenye kuanza hujikuta wanalia, au maumivu ya zamani yanaibuka kwa nguvu. Ni kama mguu uliokufa ganzi: ulipokuwa umekaliwa haukuuma, damu inaporudi ndipo unapochoma. Ikikufika, usilazimishe. Fumbua macho, zisikie nyayo zako sakafuni, kunywa maji, shika kazi ndogo kama kuchambua mchele. Rudi kesho kwa nusu ya muda.

Sasa binti. Kujihurumia hakufuti deni lake. Mwombe radhi siku ile ile kabla hajalala, au leo ikiwa siku imepita, kwa maneno machache yasiyo na "lakini": "Nilikufokea mbele ya watu. Haikuwa kosa lako. Nikihisi hasira tena nitatoka jikoni kidogo." Ukitia "lakini nawe ulikuwa…" umeichukua radhi ukampa lawama.

Usiku nafsi ikirudi na kesi yake, andika. Dakika 15, siku tatu au nne mfululizo, barua ya kukuandikia wewe, kana kwamba yatoka kwa somo yako anayekujua ndani na nje na hakuchoki. Usijali hati wala makosa. Kama kalamu si rafiki yako, jirekodi kwenye simu usiku na ujisikilize kesho yake baada ya biashara. Na ikiwa wiki mbili zimepita hulali, huli, au umeanza kuwaza kufa, hilo limevuka mipaka ya safu hii. Nenda hospitali ukaeleze kama unavyoeleza homa, au piga 1199, nambari ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, uzungumze na mshauri.

*Nafundisha madrasa. Nimesikia mambo haya ya pumzi na kujihurumia yakisemwa redioni. Je, si ibada za dini nyingine zilizovishwa kanzu?*
Ustadh, Mkomani, Lamu

Ustadh wetu, umeuliza kwa haki na tutakujibu wazi. Neff hakuficha kwamba fikira yake aliitoa kwenye mafunzo ya Kibudha. Alichokipima na kukichapisha, hata hivyo, ni tabia za binadamu wa kila dini na wasio na dini. Kuvuta pumzi taratibu si ibada ya mtu. Mapafu hayana madhehebu.

Tena jambo lenyewe wanafunzi wako wanalo karibu. Katika Sahihi ya Bukhari imo habari ya Salman na Abu Dardaa: Salman alimtembelea nduguye, akamkuta mkewe amejiachia bila kujipamba kwa kuwa mume amezama katika saumu ya mchana na sala ya usiku. Salman akakataa kula mpaka mwenyeji wake naye ale, akamlaza, akamwamsha mwisho wa usiku wakasali pamoja, kisha akamwambia kwamba Mola ana haki juu yake, nafsi yake ina haki juu yake, na watu wake wana haki juu yake, basi ampe kila mwenye haki haki yake. Mtume (S.A.W.) akasema Salman amesema kweli. Tazama mpango wa Salman: chakula, usingizi, ibada, na nasaha mwishoni. Asiyependa maneno tuliyompa mama wa Langoni aweke dua yake badala yake, pale pale baada ya pumzi. Sharti ni moja, aseme anachokimaanisha.

*Mimi ni nahodha wa boti ya abiria. Mwezi uliopita nilipanda fungu la mchanga maji yakikupwa, abiria wakakaa saa tatu juani. Najilaani kila siku, na naona ndivyo inavyopasa. Nikijihurumia si nitalegea nirudie?*
Nahodha, Mokowe

Hofu hii ndiyo kubwa kuliko zote, na lugha yetu imechangia, maana "kujionea huruma" kwetu husemwa kwa mtu anayejililia. Tutenganishe. Anayejidekeza husema: "Basi, leo siendi kazini." Anayejililia husema: "Mimi tu ndiye ninayepatwa." Anayejihurumia husema: "Imeniuma, kesho itanifaa nini?" Mara nyingi lile la kesho ni gumu kuliko kujilaani.

Juliana Breines na Serena Chen wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walilipima jambo hili mwaka 2012. Wanafunzi walipewa mtihani mgumu wa msamiati wakafanya vibaya. Walioelekezwa kujitazama kwa huruma walisomea mtihani wa pili kwa muda mrefu kuliko waliopewa sifa na kuliko walioachwa bila neno. Sababu yake nahodha ataielewa haraka: baharia anayetukanwa hatazami bahari, anamtazama anayemtukana. Ukijitukana, macho yote yako kwenye tusi, na fungu limebaki pale pale.

Chukua daftari uandike mistari mitatu, bila sifa wala matusi. Kilichotokea: "Saa 10 jioni, maji yakikupwa, nilikata kona mapema." Sehemu yangu ndani yake: "Abiria walinihimiza nikawasikiliza." Kitakachobadilika: "Sing'oi nanga jioni kabla sijatazama jedwali la maji kupwa na kujaa." Ukimaliza mstari wa tatu funga daftari. Laana ikirudi kichwani, iulize kama ina mstari wa nne. Kama haina, haikuja kufundisha.

*Mama yangu alipata kiharusi miezi 14 iliyopita, hawezi kugeuka wala kula mwenyewe. Ndugu zangu wako Mombasa, Nairobi na Uarabuni. Mwanzo nilikuwa nikilia naye. Sasa sihisi kitu. Namlisha kama ninayeosha sahani. Juzi nilimkaripia. Nimekuwa mtu gani?*
Binti wa pekee nyumbani, Mambrui

Pole, mwanetu. Umekuwa mtu aliyechoka, na uchovu wako una sababu tunayoweza kuionyesha kidole.

Kuna kuumia na mgonjwa, na kuna kumtakia nafuu. Mambo haya mawili hukaa nyumba moja lakini si jamaa. Olga Klimecki na Tania Singer wa Taasisi ya Max Planck mjini Leipzig, Ujerumani, waliwafunza wanawake kwanza kuyahisi maumivu ya watu waliowaona kwenye video, na hisia mbaya zikawazidi. Kisha wakawafunza wale wale kuwatakia heri watu hao, na hisia nzuri zikarudi ingawa video zilikuwa bado za mateso. Utafiti wao ulichapishwa mwaka 2014. Wewe miezi 14 umekuwa ukiumia naye, na moyo ukajifunga kwa kujilinda. Ugumu unaouona ni mlango uliofungwa, nyumba ingalipo.

Kwa hiyo usijilazimishe kulia tena. Unapomshika, vuta pumzi moja kwa ajili yako: "nipate nguvu". Itoe kwa ajili yake: "nawe upate nafuu". Usiache pumzi yako. Wengi huona haya kujitia wao, wakatoa tu mpaka wakakauka.

Hasira ikipanda ukimlisha, weka kijiko chini, hakikisha ameketi wima na hana kitu mdomoni, nenda hadi mlangoni upumue pumzi 12. Mgonjwa wa kiharusi anayelishwa kwa haraka hupaliwa, na chakula kikishuka mapafuni huleta nimonia. Kwa hiyo kuondoka kwako dakika mbili ni kumlinda. Akimaliza kula abaki ameketi nusu saa. Kuhusu ule ukaripiaji, mshike mkono umwambie "mama, niwie radhi", hata kama hawezi kujibu. Wengi waliopoteza usemi bado wanasikia na kuelewa.

Mgongo wako nao una haki. Usimvute mama kwa mikono. Kunja shuka, lipite chini yake kuanzia mabegani hadi mapajani, mlivute watu wawili. Ageuzwe kila saa mbili, alale ubavu kidogo akiegemea mto, na mto mwingine kati ya magoti. Kila ukimgeuza tazama visigino, nyonga na mwisho wa uti wa mgongo. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, basi papasa: sehemu yenye joto, iliyokuwa ngumu au iliyobadilika rangi, na ukiibonyeza rangi haibadiliki, ni mwanzo wa kidonda cha kulalia, asiilalie tena na muuguzi aione.

Kazi ya saa mbili mbili usiku na mchana si ya mtu mmoja. Hapa ndipo tunapokuwa wakali kidogo, na ukali wetu ni kwa ndugu zako. Umekwisha kuwaandikia "nisaidieni jamani", na kila mmoja amesikia anaitwa mwenziwe. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Hawaujui uzito mpaka uandikwe. Andika kazi zote za wiki moja na saa zake, ulete kwenye kundi la familia. Kisha mwite kila mmoja kwa jina na umpe njia mbili: "Kaka, Jumamosi saa 2 asubuhi hadi saa 8 mchana nahitaji mtu wa kukaa na mama. Utakuja, au utamlipa mtu?" Aliye Uarabuni hawezi kugeuza mgonjwa, lakini aweza kulipa mshahara wa msaidizi na nepi. Usieleze umechoka kiasi gani. Taja siku, saa na kazi. Na saa hizo sita zikipatikana, mbili za kwanza lala. Usifue.

*Kijana wangu wa kwanza anatumia unga mwaka wa nne. Ameuza redio, masufuria, hata viatu vya mdogo wake. Barazani wananisema. Wengine wanasema nimfukuze, wengine wanasema mama haachi mwana. Huruma hapa ni ipi?*
Mama, Malindi

Mama yetu, huruma hapa ina mikono miwili: mmoja unashika sahani, mmoja unashika kufuli. Chakula mpe. Pesa usimpe, hata ya nauli; akitaka kwenda mahali pa maana, nenda naye ulipe mwenyewe. Kufunga sanduku na chumba cha wadogo zake si ukatili, ni kumwondolea njia ya kuwadhulumu. Na usilipe madeni yake kwa siri, kwani kila deni ulilofunika ni siku moja aliyoongezewa.

Yafaa ujue kinachomsukuma. Arosto, yaani mateso ya mwili ulioukosa unga, huanza kati ya saa 8 na 24 baada ya heroini ya mwisho: kutokwa jasho, makamasi, tumbo kukata, kuhara, mifupa kuuma, kukosa usingizi. Hudumu siku nne hadi kumi. Anayeiba katika saa zile anakimbia maumivu. Wizi ni wizi hata hivyo, lakini ukijua hili utajua wakati wa kusema naye. Katika arosto hakusikii. Akisinzia baada ya kutumia hakusikii. Mngoje pale katikati, yuko macho na hatetemeki, mkae wawili tu, uchanjani au chini ya mti, si mbele ya ami zake. Mwite kwa jina lake; neno teja lisitoke kinywani mwako, maana wa kulisema ni wengi. Sema mambo matatu uyaache: "Sahani yako ipo kila siku. Pesa sitakupa. Siku utakayotaka kliniki, nitakwenda nawe saa hiyo hiyo." Usiongeze historia ya viatu.

Kliniki yenyewe hamko mbali nayo: hospitali ya serikali ya Malindi ina huduma ya methadoni tangu 2015. Methadoni ni dawa ya kunywa. Kipimo kimoja hukaa mwilini kama siku nzima, ndiyo maana mwanzoni huenda kila siku akainywa mbele ya mhudumu. Huzuia arosto, na kikiwa kipimo sawasawa hakimlevyi. Shirika la Afya Duniani liliiweka katika orodha ya dawa za lazima mwaka 2005. Jirani akikwambia "amebadilisha unga kwa unga", usibishane naye; mtazame mwanao kama anakula, analala na haibi. Vijana wengi huacha katika wiki za kwanza kwa sababu kipimo hakijapandishwa vya kutosha, au nauli imekosekana. Nauli hiyo ndiyo ya kutoa, ukiwa umeongozana naye.

Jambo moja la hatari. Kijana aliyetoka jela, au aliyekaa kavu kwa siku kadhaa, mwili wake umepoteza uvumilivu. Akirudia kiasi cha zamani aweza kufa. Ukimkuta haamki hata ukimsugua mfupa wa kifua, anakoroma kwa kukwama, pumzi ni chache, midomo na kucha zimegeuka rangi, mlaze ubavu, goti la juu limekunjwa, kichwa kimeinuliwa nyuma kidogo, mkimbize hospitali. Ipo dawa ya sindano, naloksoni, inayomrudisha. Maziwa, maji ya chumvi, kumwagia ndoo ya maji, yote hayo humpotezea muda, na cha kunywa kinaweza kumziba pumzi.

Akiinua mkono kukupiga, toka ndani ya nyumba na wadogo zake. Kukaa upigwe hakumsaidii yeye wala wewe. Nambari 1195, ya msaada kwa wanaotendewa ukatili wa kijinsia na wa nyumbani, ni ya bure, hupokelewa saa zote.

Na wewe? Kila usiku kabla ya kulala, zile pumzi 12, na maneno haya: "Nampenda, na si mimi niliyemtia unga." Barazani wasemalo waachie baraza.

*Kila siku navuka kwa boti kwenda kufundisha. Navuka nikiwa nimechelewa, nawapita wazee bila salamu, nafika nakaripia watoto. Jioni najuta. Je, nina roho mbaya?*
Mwalimu, Lamu

Huna roho mbaya, mwalimu, huna dakika. John Darley na Daniel Batson walichapisha mwaka 1973 jaribio walilowafanyia wanafunzi 40 wa theolojia huko Princeton, Marekani. Waliwatuma kwenye jengo jingine kutoa hotuba, na njiani walimweka mtu amejikunyata akikohoa na kuugua. Wasio na haraka, asilimia 63 walimsaidia. Walioambiwa wamechelewa, asilimia 10 tu, na miongoni mwao wapo waliokuwa wakienda kuzungumzia habari ya Msamaria Mwema, yule wa Injili aliyemsaidia majeruhi njiani. Imani yao haikupungua njiani. Muda ndio uliopungua.

Tafuta dakika zako zinapotea wapi. Mara nyingi ni asubuhi kwa kutafuta: funguo, daftari, kiatu cha mtoto. Viweke mlangoni usiku. Panda boti ya kabla ya ile uliyoizoea, wiki mbili, uone. Na siku utakayochelewa kweli, msalimie mzee vilevile. "Shikamoo" haikuchukui pumzi mbili, na umekwisha kuchelewa.

*Nabeba mchanga na saruji kwa punda kutoka gatini. Punda wangu siku hizi akifika kichochoro cha pili anasimama kabisa. Nampiga, kisha nasikia vibaya, lakini nalipwa kwa mzigo.*
Kijana, Lamu

Kijana wetu, punda akiogopa au akiumwa mara nyingi hakimbii kama farasi, husimama. Watu huita ukaidi. Anakwambia neno, na fimbo inamkatiza.

Mtue mzigo na shogi yake, umpapase mgongo kwa kiganja kuanzia shingoni. Penye kujikunja au ngozi kutetemeka ndipo penye habari. Tandiko lisikae juu ya uti wenyewe. Liwe nene huku na huku, katikati pawe na bonde upepo upite. Mzigo uwe sawa pande zote mbili. Mfuko wa saruji ni kilo 50. Miwili ni 100, na punda wetu wengi hawafiki kilo 200 kwa uzito wao. Anakunywa lita 10 hadi 25 kwa siku, na siku ya jua kali huelekea juu. Mpe kabla ya kazi na adhuhuri, si jioni tu.

Ukikuta kidonda, chemsha nusu lita ya maji, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi kilicho sawa bila kilele, yapoe, oshea kwa kitambaa safi asubuhi na jioni. Usitie oili chafu, jivu wala maji ya betri. Huichoma nyama mpya inayoota. Asibebe kitu mpaka ngozi ifunge. Lamu kuna hospitali ya punda tangu 1987, iliyofunguliwa na The Donkey Sanctuary ya Uingereza, na matibabu yake ni bure. Mpeleke akiwa angali anatembea. Siku anazopumzika, mwombe mwenzio mshirikiane punda wake na mgawane malipo ya mzigo, naye wako akipona mrudishie zamu.